Ukurasa wa Damu Ulipogoma

Jumatano, Utange. Rasharasha tangu alfajiri. Sijivunii nilivyoianza siku hii.

Saa tatu asubuhi alinipigia Bi Zuhura, mkunga wa zahanati moja hapa Kisauni. Kuna mzazi aliyejifungua alfajiri, anatoka damu nyingi, kundi lake O hasi. Bi Zuhura alifungua ule ukurasa niliowatengenezea wa kutafuta wachangiaji damu, akakuta maneno matatu na namba: hitilafu ya seva, 500.

“Ni mtandao tu huo, Bi Zuhura. Subiri kidogo.”

Nilidanganya.

Jana niliihariri skripti ya ukurasa, yale maagizo yanayouendesha, kwa laptopu ya dada yangu, niongeze eneo la Miritini, nikaipandisha kwenye seva bila kuijaribu.

Nikadhani seva haina ruhusa ya kuiendesha. Nikaipa ruhusa, wapi! Nikafungua kumbukumbu za makosa. Zinasema faili haipo, nami naiona kwa macho yangu. Robo saa ikapotea. Ndipo nikashtuka: kilichoharibika ni skripti tu. Majina ya watu yamo kwenye faili nyingine, mazima.

Nikampigia.

“Nisamehe, Bi Zuhura. Si mtandao, ni mimi niliyeharibu jana. Shika kalamu nikusomee majina.”

“Lawama baadaye, mwanangu. Soma.”

Ya O hasi yalikuwa manne. Wa tatu, mwalimu wa Changamwe, akaitika, akaenda moja kwa moja hospitali alikohamishiwa yule mzazi.

Nikarudi kwenye skripti, sasa kwa ukaidi. Nikailinganisha na nakala ya zamani mstari kwa mstari. Maneno ni yale yale, isipokuwa Miritini, lakini faili mpya imezidi ukubwa kuliko neno hilo moja. Kumbe laptopu ya dada imetia alama isiyoonekana mwisho wa kila mstari, hata ule wa kwanza unaoiambia seva itumie programu ipi. Alama ikaonekana kama sehemu ya jina la programu, na seva ikawa inatafuta programu ambayo haipo. Nikazifuta zote. Ukurasa ukafunguka.

Alasiri Bi Zuhura akaniandikia: mama amepata damu, katulia, na bintiye ananyonya. Alhamdulillahi. Nililia.

Alama zile nimezisamehe. Wepesi wa ule uongo wangu, bado.

Kuanzia leo, sipandishi kitu bila kukijaribu pembeni. Na kesho nampelekea Bi Zuhura orodha iliyochapishwa, kwa mkono wangu, nimtazame usoni.