Chakula Alichobakiza Farasi

Mjukuu wangu Elia,

Ni mimi niliyefanya yule farasi jike auzwe, na sijamwambia mtu mwingine. Huku Louisville sote wazima, na shangazi yako wa Columbus amepata binti. Najua huko Buffalo unacheka kuwa na bibi wa miaka kumi na minane, lakini baba yako ni mtoto wa kaka yangu, basi vumilia.

Umeuliza kwa nini aliuzwa akazae wakati alikuwa ametoka kushinda mbio. Baba ndiye aliyemtunza, nami nilimsaidia kabla ya kwenda shule. Baada ya ushindi ule, farasi alianza kubakiza chakula, na Baba akawa anayamwaga mabaki ya ndoo haraka, mtu asiyaone. Alikuwa amengoja miaka mingi kumtunza mshindi.

"Ni joto tu, mama," aliniambia. "Atashinda tena, utaona."

Asubuhi moja Baba alienda kuchota maji, na mwenye farasi, tajiri wake Baba, akapita. Niliona haya kusema, nikamwonyesha ndoo yenye mabaki.

"Siku ngapi?" akauliza.

Nikainua vidole vinne.

"Basi amechoka. Tumuuze sasa akazae, kabla hajashindwa au kuvunjika mguu."

Wiki ile farasi akaondoka. Sasa ana mtoto, na nasikia anamaliza chakula chake.

Baba bado anasema tajiri alikuwa na haraka. Nami huendelea kuosha vyombo. Ukiongea naye kwa simu, tafadhali mwache aendelee kumlaumu tajiri.

Bibi yako,
Neema