Inanga ya Baba Haipaswi Kung'aa

Jumanne, Kasulu. Ukungu umegoma kuondoka mpaka saa nne.

Inanga ya baba ilitoka mikononi mwangu wiki kumi na moja zilizopita, Jumamosi, saa kumi na moja na dakika ishirini jioni, nyuma ya jukwaa la ule ukumbi maarufu wa Dar es Salaam ambao kila mpiga muziki wa nchi hii huota kuukanyaga. Walisema itakaa kwao wiki mbili, wageni waione. Leo nimepiga simu mara tano. Nne hazikupokelewa. Hiyo moja iliyopokelewa ndiyo imeniondolea usingizi wa mchana.

Kwa asiyeijua: inanga ni kipande kimoja cha mti wa mringaringa kilichochimbwa katikati kama chano kirefu, na uzi mmoja wa mshipa wa ng'ombe unapita juu yake, kwenda na kurudi, mara nane, ukafanya nyuzi nane. Unaipiga huku unanong'ona maneno. Hii ya baba ina shubiri tano. Aliipaka samli kidogo kidogo, akaitundika jikoni moshi uifikie. Ni nyeusi kama chungu cha kuni. Haijawahi kung'aa hata siku moja.

Sasa sikia alivyonijibu dada wa ratiba wa ukumbi.

"Usijali, kaka, chombo chako kipo salama. Tena sasa hivi kinang'aa, hutakitambua!"

Nikamuuliza kinang'aa vipi. Akasema yuko kikaoni, atanitafuta.

Hajanitafuta.

Mimi ni seremala. Milango na madirisha mengi ya mtaa huu yametoka kwenye karakana yangu, na hakuna aliyenishika mkono kuianzisha. Najua vanishi inafanya nini. Inaziba matundu ya mti. Kabati halina neno la kusema, lizibe tu. Inanga ya kwanza niliyochonga mwenyewe niliipaka mikono miwili ya vanishi, nikaipeleka kwa baba kwa maringo. Aliigonga mara moja kwa kidole, akanirudishia.

"Nzuri," akasema. "Pangeni vikombe juu yake."

Tangu hapo nimechonga nyingine tatu bila vanishi. Zinalia, lakini hazisemi. Inayosema ni moja.

Nikiri na jambo lingine, maana hapa ndipo mahali pa kukiri. Sikulazimishwa kuiacha. Niliiacha kwa sababu siku ile nilikuwa natetemeka.

Kwetu mpiga inanga hukaa, huwasalimu watu, na haanzi mpaka waitikie. Usipoitikiwa, maana yake hawajakukaribisha, na kumpigia mtu asiyekukaribisha ni kama kuingia kwake bila hodi. Basi nilipanda ngazi saba za jukwaa, nikakaa, nikasalimu kwa Kiha, "Mwidiwe."

Kimya.

Viti zaidi ya elfu, giza, na taa moja usoni mwangu. Nilihesabu sekunde, maana mimi nikiogopa huwa nahesabu. Arobaini. Sitini. Jasho likadondoka kwenye uzi wa tatu. Fundi mitambo alikuwa amejibanza nyuma ya pazia, nikamsikia: "Mzee, anza! Muda!" Nikasalimu tena. Kimya. Hakuna aliyeniambia kwamba watu wa ukumbi ule wamefundishwa kunyamaza, na kwamba kunyamaza ndiyo heshima yao. Mimi niliona nimekataliwa. Nilipofika mia moja na sabini nilishashika ubao ili ninyanyuke.

Ndipo sauti ya mwanamke ikatoka juu kabisa, kwenye roshani: "Mwidiwe, mwana wa Buha! Piga bwana, tumekaa!"

Watu wakacheka. Nikapiga. Nilikuwa nimepewa dakika kumi na mbili, zikabaki tisa, na ndani ya hizo tisa niliusikia mnong'ono wa baba ukitembea ukumbi mzima. Sijawahi kupiga vile. Sijui kama nitapiga tena.

Nikashuka. Yule dada wa ratiba akaja anacheka: "Kaka, ulitutisha! Tulidhani umezimia huku umekaa." Kisha akasema maneno ya wiki mbili na wageni, akanipa karatasi. Nilitia saini bila kusoma mstari hata mmoja. Mimi, ambaye mteja akileta mchoro wa dirisha namrudishia mara tatu nikikagua vipimo. Nilitaka tu kutoka nje nikapate hewa.

Jumapili ya wiki ijayo tunamaliza mwaka wa msiba wa baba, Heru Juu. Inanga yake ipigwe, yeye mwenyewe aliagiza hivyo, na aliagiza mbele ya ukoo. Shangazi, dada yake, ameshapiga simu kutoka Kumsenga kuulizia. Nikamwambia imebaki Dar.

"Imebaki? Mwavuli ndio hubaki, mwanangu. Umemwacha kaka yangu kwa watu asiowajua."

Mke wangu amenishauri nipeleke mojawapo ya zile tatu, watu hawatajua. Shangazi atajua kabla sijafika uzi wa pili.

Na mimi nitajua.

Kinachonitisha si kwamba imepotea. Iliyopotea hutafutwa. Ninaogopa kuipokea ikiwa nzima, inapendeza, niigonge kwa kidole, inijibu kama meza.

Dada wa ratiba, najua unapita hapa. Ulinipata kwa kusoma blogu hii. Sitaki kuambiwa iko salama. Nataka kujua: mmeipaka vanishi, ndiyo au hapana? Kama hapana, Jumamosi alfajiri napanda basi kuja kuichukua, na Jumatano nitakuwa nimerudi nayo. Kama ndiyo, niambie mikono mingapi na lini, nijue kama msasa bado unaweza kuokoa kitu, na msiiguse tena hata kwa kitambaa.

Neno moja linatosha. Nalitaka kabla ya Ijumaa saa sita kamili mchana.