Wimbo wa Mwisho, Upande wa B

Jumapili, 4 Julai 1999, Nachingwea
Kanda ya mdogo wangu Eva imejaa. Mchana kutwa nimeshinda ndani naiwinda redio. Yule mtangazaji! Wimbo ukikaribia kuisha tu, anaingiza mdomo kusalimia watu wa Morogoro. Nimerekodi, nimefuta, nimerekodi tena. Betri zikachoka, nikazianika juani, zikapata pumzi kidogo.

Upande wa A ni wa kuchezea. Rumba ya Wakongo, wale vijana wa Dar wanaoongea harakaharaka, halafu kwaya. Mdogo wangu atanicheka kwa hiyo kwaya, lakini baada ya kelele mtu anahitaji kupumua. Upande wa B ni wa kulala chali na kuwaza. Humo kuna taarabu ya yule mama mwenye sauti nzito — kaachwa lakini hakubali. Siuchoki. Nikitunga mmoja kama ule, basi tena, nimemaliza.

Mwishoni ikabaki nafasi. Nikatia wimbo wangu mwenyewe. Nimefunga mlango, nimepiga ndoo ya plastiki, nimeimba, na pa kuitikia nikajiitikia mwenyewe. Maneno ni ya dada anayemngoja mdogo wake njiani. Sauti ya wimbo imenijia tu nikiwa kwenye cherehani. Simwambii Eva kuwa ni mimi. Je, atanijua?

Jumanne, 6 Julai
Kanda nimempa dereva wa pikapu ya Ruangwa, aifikishe Likunja kwa Mama. Nikajuta palepale. Nimerudi stendi mbio — imeshaondoka. Suruali ya mteja nimeishona mguu mmoja mfupi.

Jumatano, 14 Julai
Salamu kutoka kwa Mama. Jumamosi Eva anaingia unyagoni. Bibi Amna ndiye atakayewafundisha, yuleyule aliyenifundisha mimi. Siku ya kutoka, mimi ndiye wa kumpokea Eva, kumvika na kumrudisha nyumbani. Eva mwenyewe kasema hataki mtu mwingine. Gauni lake nimeanza leo, la njano.

Na kanda? Anaipiga asubuhi, mchana, jioni, mpaka Mama kaomba amani. Halafu Eva kaipeleka kwa Bashiri, yule muuza kanda wa Ruangwa mjini, amnakilie.
Bashiri! Sasa wimbo wangu utasikika dukani kwa watu.

Ijumaa, 23 Julai
Bashiri kaja Nachingwea kununua kanda tupu, kapita kunisalimia. Hata kukaa hajakaa, ananieleza habari ya wimbo wa mwisho wa upande wa B. Watu wanauulizia. Nani kaimba? Nimejitia nabana sindano mdomoni.

Halafu akasema kitu. Wanaume wanasikiliza tu, lakini wanawake wakipita pale wanasimama, wanatazamana, wanavuta khanga usoni. Mmoja alimwambia azime hicho kitu, hapa wamekaa wanaume. Yeye akaongeza sauti. Kwake ni kichekesho.

Nikauimba moyoni bila maneno yangu. Sauti inapanda, inakatika, inangoja — na viganja vyangu vikajua wapi pa kupiga kofi. Mungu wangu. Ni wa ndani ya unyago, mwanaume hatakiwi kuusikia. Ni ule tuliofundishwa kwa Bibi Amna, mlango umefungwa. Mimi nilidhani nimetunga!

Nikamwambia Bashiri asiupige tena. Kwa nini? Nitamjibu nini, mwanaume yule? Nikimweleza sababu, ndio nimemaliza kuharibu. Nikasema wimbo ni mbaya. Akanishangaa, eti ndio mzuri kuliko yote mle. Na mimi, sina haya, nikafurahi.

Jumapili, 25 Julai
Mama kaja mwenyewe, vumbi mpaka kwenye kope. Maji kayakataa kwanza. Kina mama wamempelekea Bibi Amna nakala ya kanda, naye kaijua sauti yangu mara moja. Kasema nisikanyage siku ya kutoka. Eva atapokelewa na binti wa mjomba. Isipokuwa niende nikae chini mbele ya kina mama, na kuku wa kuombea radhi mkononi, nisikilize watakavyosema.

Nikamwambia Mama maneno yote ni yangu. Akanijibu:
"Umeutoa nje, Winfrida. Hata ungeuimba kwa Kizungu."
Gauni la njano bado halina mikono. Sijui nalishonea nani.

Jumamosi, 31 Julai, Likunja
Naandikia gotini, nje ya uzio wa nyasi wa unyago. Kuku yuko miguuni pangu. Lazima niandike, la sivyo nitakimbia.

Kina mama walikuwa wamekaa kwenye mikeka, Mama kando kabisa. Hakuna aliyenigombeza. Ingekuwa nafuu. Bibi Amna akasema tu, "Imba tusikie ulivyoufanya."
Nikaimba. Nikafika pa kuitikiwa. Kimya. Bibi anatazama vidole vyake. Nikarudia. Kimya. Nikajua basi, Eva nimemkosa.

Ndipo nyuma ya uzio mtu akaitikia. Eva! Wali wenzake, wasichana wa unyago, wakamfuata, wote, na makofi juu. Wala hawakuitikia kama walivyofundishwa na Bibi. Waliitikia kama kwenye kanda, yale maneno yangu ya njiani. Kawafundisha humo ndani, mtoto yule.

Wimbo wangu! Watu wameuitikia wimbo wangu! Nikaona raha mpaka machozi, na palepale nikamwona Mama kajishika kichwa.

Bibi Amna kaniambia nisiondoke. Kaingia ndani, kina mama wote nyuma yake. Kasema ikiwa wali wameshaharibika, basi mimi na Eva ndio mwisho wa kuonana mpaka mwaka ugeuke. Ikiwa bado wanaujua wimbo ulivyo, tutazungumza.

Sasa nasikia anauanza upya, polepole, kwa maneno ya zamani. Anakaribia pale pa kuitikia. Mdogo wangu, usiitikie wangu. Nakuomba, itikia wa Bibi, wangu utupe, usahau kabisa —