Hata Vita Vimekupendelea

Makongeni, Thika
Jumapili, 20 Julai

Mpendwa mdogo wangu Wangechi,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. U mzima? Siulizi kwa mazoea, nauliza kabisa. Umelala? Umekula? Hilo handaki mnaloingia king'ora kikilia lina hewa? Na yule bibi mzee unayemtunza, miguu yake inaziweza ngazi? Sisi hatujambo, ni baridi tu ya Julai imetukaba, watoto wanaenda shule na sweta mbili mbili. Mama alitoka kwake Theta na yuko kwangu tangu mliposhambuliwa. Presha yake imeshuka kidogo, tunashukuru.

Naandika kwa karatasi kama watu wa zamani, halafu nitaipiga picha nikutumie, uipate mtandao wa huko ukirudi. Kwa simu sisemi kitu. Ukipiga tu, Mama anataka usikike na nyumba nzima, na mimi kazi yangu ni kushikilia simu. Leo wameenda kanisani wote. Mimi nimesingizia mafua.

Vita vyenu navijua kuliko mtu yeyote hapa mtaani. Mume wangu Githae akitoka kwa kazi yake ya kuchonga mawe huko Ruiru anakuja na habari zote, na ananieleza mpaka ugali unapoa. Eti hiyo nchi unakofanya kazi ilikaa kando miaka yote majirani wake wakipigana, ikifanya biashara zake na kusema ugomvi si wake. Sasa hao wengine wakaogopa kwamba siku moja itaingia upande wa adui, wakaamua kuipiga kwanza, alfajiri ya sikukuu, wanajeshi wakiwa wameenda makwao. Ndege zikachomwa zikiwa zimepangwa uwanjani. Walitaka kuizuia isiingie vitani, na ndiyo hiyo imeingia mzimamzima. Hata vijana waliokuwa wakiandamana kupinga vita, Githae anasema, kesho yake walikuwa kwa foleni ya kujiandikisha jeshi.

Sasa wacha nikwambie ukweli, na usinicheke. Nina wivu. Nakuonea wewe wivu, Wangechi, na uko chini ya mabomu.

Unajua wivu huo ulianzia wapi. Mimi ndiye niliyeolewa, ruracio ikaletwa, mahari kamili, wazee wakala mbuzi. Lakini kwetu msichana wa kwanza wa mtu aliyeolewa hupewa jina la mama ya mume, wa pili ndiye wa mama yako, na Mungu mwenyewe akanipa wavulana watupu. Wewe ukazaa ukiwa nyumbani, hakuna mume, hakuna mama mkwe, na msichana wako akachukua jina la Mama moja kwa moja. Ukamzaa Mama! Nilikuwa hapo Mama alipompakata Wakonyo mwenzake na kucheka na kulia pamoja. Tukaanza kumwita Kashosho, kabibi kadogo, siku hiyo hiyo. Niliwapikia uji wote watatu na roho inaniuma.

Halafu ukapata kazi ukaenda, mtoto hajajua kutembea. Nikamlea. Akaanza kuongea akaniita mami. Sikumfundisha. Sawa, labda nilimfundisha kidogo.

Turudi kwa vita. Redio iliposema mji wenu umepigwa, na simu zako haziingii, kina mama wa kanisa walikuja kumtia Mama moyo. Walikuja kwa wingi, na sufuria, na viti vya plastiki juu ya mkokoteni, wakiimba. Unawajua watu wa Makongeni. Wakiona viti vinashushwa mlangoni kwa mtu, na wamama wamejifunga leso, hawaulizi swali, ni matanga. Jirani yangu Janice aliingia analia kwa sauti akanishika shingo. Kabla giza halijaingia, binamu yetu Eddie wa Ruiru, yule wa kukimbilia mambo, alikuwa amefungua grupu ya WhatsApp. "Mazishi ya Dada Wangechi." Na picha yako pale maporomoko ya Chania, umevaa ile nguo ya manjano. Nguo yangu hiyo! Mwenyekiti akachaguliwa, mtu wa hema akachaguliwa. Mimi nikaingizwa kama mtu wa chakula.

Ningesema hapo hapo kwamba hatujui lolote, kwamba ni mtandao tu umekatika. Lakini nilisoma kwanza. Ai, Wangechi, unasifiwa! Eti wewe ndiwe nguzo ya familia. Eti sauti yako ya kwaya haitapatikana tena Thika nzima. Eti hakuna aliyekushinda kwa kuponda viazi vya mukimo, na mukimo wako ni maji. Nikajiuliza, mimi ninayempeleka Mama kliniki, mimi ninayelima hilo shamba la Theta na mgongo huu, nikifa wataandika nini? Wataandika "pole Githae". Ndipo nikaandika kwa herufi kubwa kwamba HAJAFA. Eddie akajibu "Amina, tunaamini," kisha akaendelea kuuliza hema ni ya rangi gani.

Lakini maneno yalishafika shule. Kesho yake Kashosho alirudi, hajalia, akasimama mlangoni na begi mgongoni. Akaniangalia sana. Akaniuliza, "Anti Maggie, ni kweli mami amekufa?"

Anti. Hajawahi kuniita hivyo hata siku moja. Kumbe alikuwa anajua siku zote nani ni nani, alikuwa ananipa tu hilo neno kwa sababu wewe hukuwa hapa kulichukua.

Nilimwambia hapana, mami yako yuko, nikamkumbatia, na huku nimemkumbatia nilikuwa na hasira. Si na yeye. Na wewe. Githae husema nchi haipati hasira siku inaposhambuliwa, hasira ilikuwepo, siku hiyo inapewa ruhusa tu. Basi na mimi nilipewa ruhusa. Nikaanza kupigana nawe kichwani, usiku na mchana, na sijui hata kama uko hai. Naosha vyombo nagombana nawe. Napanga mboga nagombana nawe. Haki ya Mungu nilichoka.

Halafu ukapiga Alhamisi. Mama alipiga magoti hapo hapo jikoni. Kashosho akapiga kelele "Mami! Mami!" mpaka kina Janice wakatoka nje. Nilifurahi sana, usifikirie sikufurahi. Kisha nikaenda kuanika nguo ambazo zilikuwa zimeshaanikwa.

Mwishoni Mama akanipa simu, na kabla haijakatika ukaniambia haraka haraka kwamba serikali inaleta ndege ya kurudisha Wakenya lakini wewe huji. Wajukuu wote wa huyo bibi wameitwa jeshini na huwezi kumwacha. Ukasema nikae na Kashosho, amenizoea, na lolote likitokea ni wangu. Mtandao ukakatika kabla sijafungua mdomo. Jibu langu ndilo hili.

Nilifurahi, Wangechi. Sikufichi. Kwa pumzi moja tu nilifurahi, eti ni wangu. Miaka yote nilitaka nisikie hivyo kutoka kwako. Kisha nikampa Kashosho simu ili airudishe mezani, na nilipogeuka alikuwa ameiweka sikioni. Imekatika, na yeye anakuhadithia jinsi jino lake lilivyotoka.

Githae anakusalimu. Wavulana wanakusalimu. Mjomba Zacharia wa Theta amefunga kwa ajili yako, na mtu mwenyewe unajua anavyopenda kula. Eddie anakusalimu kwa aibu. Grupu hajafunga, amebadilisha jina tu, sasa ni ya maombi. Mungu akufunike hapo ulipo, wewe na huyo bibi wa watu, na ampatie mtu mwingine wa kumshika mkono. Namlilia na yeye. Lakini si yeye anayekungoja hapa.

Kwa hivyo panda hiyo ndege. Usinipe mtoto namna hiyo, sitaki. Ukifia huko utakuwa mama mzuri milele. Hutamkaripia, hutamnyima kitu, hutamchana nywele akilia. Hayo yote nitafanya mimi, na kila nikiyafanya atawaza vile wewe ungekuwa mpole. Siwezi kushindana na wewe ukiwa umekufa, Wangechi. Ukiwa hai nakuweza. Njoo tumgombanie.

Wako akupendaye na kununa,
Dada yako,
Maggie