Kamba Iliyo Ndani ya Goti

Kinshasa, Jumapili baada ya ibada

Yaya Asukulu, kaka yangu mpendwa,

Nakusalimu sana, wewe na wote wanaolala chini ya paa lako. Mmeamkaje huko Baraka? Kifua cha mama kimetulia, au bado anakohoa na kusema ni vumbi tu? Muhogo wa shemeji umefikia kuvunwa? Habari za mapigano ya milimani tunazosikia huku zinatutia hofu, na mtandao ukikatika siku mbili nashindwa hata kula. Mimi ni mzima. Nimekonda kidogo, na ndagala wa ziwa letu nawaota.

Barua hii inaletwa na mama mmoja wa kanisani kwetu anayerudi Uvira. Huko atampa dereva anayekuja Baraka. Najua utauliza kwa nini sikupiga simu. Kwa simu ningesema nusu, halafu ningesingizia mtandao.

Siku nilipoaga ulinicheka mbele ya watu wote. "We unaenda Kinshasa kusomea kukimbia? Batoto ba hapa banakimbia bila diplome." Hata mimi nilicheka. Ukweli ni kwamba sikujua nakwenda kusomea nini. Nilidhani tutafundishwa kupuliza filimbi na kupanga wachezaji. Kumbe somo la michezo ni mwili wenyewe, na tangu walipotufungulia mwili huo natembea barabarani mdomo wazi. Naona mama anapanda teksi na beseni kichwani, mtoto mgongoni, anageuka kutafuta nauli, na hakuna kinachoanguka. Nani aliupa kila msuli zamu yake? Juzi niliona moyo wangu mwenyewe kwenye kioo cha mashine, unafunga na kufungua milango yake bila kuniuliza. Nililia. Wenzangu wananitania mpaka leo.

Lakini ninachotaka kukuambia ni habari ya goti.

Wiki tatu zilizopita tulipelekwa kwenye chumba wanamosomea madaktari. Profesa wetu, mama mfupi mwenye sauti ya mwalimu wa kwaya, alitusimamisha kimya kwanza tumshukuru marehemu aliyetuachia mwili wake tujifunze. Kisha akatuonyesha ndani ya goti. Nilitarajia kitu kikubwa, Yaya. Goti linambeba mtu mzima na gunia la muhogo hadi juu ya mlima. Nikaona mifupa, na katikati yake kamba mbili nyeupe zimepishana. Ile ya mbele ni fupi kuliko kidole gumba changu. Basi hiyo ndiyo inayomshikilia mtu asianguke anapogeuka mbioni. Nilisahau hata kuandika. Nilisimama tu nikiwaza kwamba Mungu ametutundika wote kwenye kitu kidogo namna hii, nasi tunaruka na kucheza bila kujua.

Kesho yake akatuwekea video ya mchezaji, ikienda polepole sana. Anakimbia, anataka kugeukia kushoto, mguu wa kulia umekanyaga, goti linaingia ndani, anaanguka. Karibu naye hakuna mtu. Profesa akasimamisha picha akauliza nani anajua kinachofuata. Nikasimama nikaeleza yote: mlio kama wa kijiti kuvunjika, uvimbe siku ile ile, baada ya wiki kadhaa mtu anatembea vizuri, lakini akigeuka ghafla goti linamtoroka. Akauliza nimesoma kitabu gani. Nikajibu sijasoma, nimemwona yaya yangu. Akauliza ni nani aliyemgusa. Nikasema hakuna. Akasema hawezi kuapa juu ya goti ambalo hajalishika, ila mara nyingi kamba ile hukatika hivyo hivyo, bila mchezaji kuguswa na mtu.

Nikakaa chini. Somo lililobaki sikulisikia.

Kwa sababu sisi tulisema ni Alimasi. Rafiki yako tangu shule ya msingi, mliyekula naye sahani moja, na siku ile ulipoumia alikuwa kipa wa timu pinzani. Ulianguka mbele ya goli lake bila kuguswa, na kwetu mtu akianguka hivyo lazima atafutwe aliyemwangusha. Baba na wajomba walipouliza nani ameona kitu, mimi, mchezaji wa akiba wa miaka kumi na sita, nilisema nimemwona asubuhi ameinama golini, anazika dawa iliyofungwa kwenye kitambaa chekundu. Walichimba, hawakukuta kitu, wakasema ameshaiondoa. Baba akakuchanja goti kwa wembe. Sokoni watu wakaacha kununua ndagala wa mama yake Alimasi, na mwishowe familia nzima ikahamia Ubwari, ng'ambo ya maji. Kabla hawajavuka alikuja hadi mlangoni kwako, nawe umelala, goti limefungwa majani. Nilikuwepo. Alisema, "Asukulu, mi sikufanya kitu. We unanijua." Ukageukia ukuta.

Yaya, nilimwona ameinama, hilo ni kweli. Alikuwa anaokota mawe, kama kila kipa wa uwanja ule. Kitambaa sikukiona. Nilikitunga pale pale, kwa kuwa wakubwa wote walikuwa wananitazama, na kwa kuwa nilikupenda, nikataka awepo wa kulaumiwa. Nimeishi na uongo huu miaka minane. Nilikuwa najifariji kwamba labda kweli alikuroga, kwa hiyo kosa langu si kubwa. Sasa nimeiona ile kamba kwa macho yangu, na sina tena pa kujificha.

Goti lako usilikatie tamaa. Mtafute mtaalamu wa viungo pale hospitalini alipime, na umwombe akuonyeshe mazoezi ya kutia paja nguvu. Paja likiwa na nguvu, linasaidia sana kulishika goti. Hilo nalo nimejifunza huku, na linanishangaza kila siku, jinsi mwili unavyojitafutia njia nyingine.

Nikasirikie. Nipigie simu unitukane, nitapokea. Ila hasira yako iishie kwangu.

Msalimie mama, na shangazi anayetukaangia mandazi, na shemeji mwenye subira kuliko sisi wote. Baba msomee barua hii wewe mwenyewe, polepole, wala usiruke mstari.

Kwa Alimasi situmi salamu. Likizo ikifika nitavuka hadi Ubwari, niseme mbele ya mama yake haya niliyoandika hapa. Naomba kitu kimoja tu, Yaya: siku nitakaposhuka mtumbwini, nikukute umenitangulia, umekaa na Alimasi.

Mdogo wako aliyekukosea,
Wilondja