Koti la Baba na Mtani Wake

Majengo, Dodoma
Jumatatu jioni

Mpendwa dada Debora,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umepata nguvu, kidonda cha upasuaji kimekauka na mtoto ananyonya vizuri. Shemeji naye hajambo hapo Tabora? Sisi huku ni wazima. Mvua bado, vumbi ndilo linalotutawala, na shangazi analalamika kwamba mlenda wa siku hizi hauvutiki. Najua unashangaa kupata barua wakati simu ninayo. Mara tatu nimekupigia nikuambie haya, na mara zote nikaishia kuuliza habari za mtoto.

Wiki iliyopita nilipewa kazi ya kuandika na kusoma hotuba ya sherehe ya mtaa, kueleza jinsi makabila mbalimbali yalivyoujenga mji wetu. Unanijua, niliandika kwa mbwembwe. Niliwasifu Warangi walioshuka na nafaka kutoka Kondoa mpaka soko likaitwa soko, na watumishi waliohamia kutoka kila pembe ya nchi, na sisi Wagogo tuliowapokea wote. Nikawasifu pia mafundi Wahehe waliokuja na miiko yao kutoka Iringa wakasimamisha nusu ya nyumba za Majengo. Watu walipiga makofi sana. Mama Batuli, jirani yetu muuza kunde, hakupiga. Alinitazama, akachukua mkoba wake, akaondoka. Nilijua anamfikiria nani, maana na mimi nilikuwa namfikiria yeye huyo.

Mzee Thobias. Unakumbuka alivyotujengea nyumba hii, akigoma kupandisha ukuta mpaka Baba akiri kwamba Wagogo ni watumwa wa Wahehe? Baba naye alikuwa akimwona tu anawatangazia majirani wafungie mbwa wao, mlaji kafika. Miaka yote ile walitaniana hivyo na kula sahani moja. Mama alipofariki, ni yeye aliyelala kaburini akakataa kutoka mpaka apewe kuku, na Baba, ambaye hakuwa amekula siku mbili, akacheka.

Nilikuambia mzee Thobias hakuja kumzika Baba. Ukakasirika, na nasikia alipokupigia kukupa pole ulimkatia simu. Dada, nilikudanganya. Alikuja.

Alikuja saa nne asubuhi, amevaa lile koti la kahawia la Baba na kofia yake, anachechemea vilevile kama Baba. Chini ya turubai walikaa wakubwa wangu wa kazi, na mkurugenzi wetu, Mama Bupe, alikuwa mstari wa mbele. Nilikuwa nimechapisha ratiba, nimeweka na mshereheshaji, nataka msiba wa heshima. Mzee Thobias akasimama mbele ya jeneza, akakinga sufuria, akaanza kuwaomba wageni, eti Mgogo huyu hata kufa hakujamkomesha kuomba. Wazee wakacheka. Mimi uso uliniwaka. Unajua tunavyoitwa ombaomba nchi nzima. Chuoni nilikuwa nasema natoka Morogoro. Nikamshika mkono mbele ya watu wote, nikamuuliza nani alimruhusu kuiba koti la marehemu.

Alilivua, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya kiti na kofia juu yake, akaenda zake. Ndipo shangazi akaniambia kwamba Baba mwenyewe alimpa vitu vile hospitalini, ili aje navyo siku yake. Akasema yeye hatakuambia kitu, uchafu wangu niusafishe mwenyewe. Na kaburini, dada, kulikuwa kimya. Tulimzika Baba kama mtu asiyekuwa na mtani.

Siku chache baadaye Mama Bupe aliniita, nikadhani ni mambo ya kazi. Aliniuliza kwa upole yule mzee alikuwa amekosa nini. Kwao Tukuyu, alisema, mtani akifukuzwa msibani watu huondoka na chakula hawagusi. Alikuwa ameshafungua mkoba atie chochote kwenye sufuria. Yaani nilimdhalilisha rafiki wa Baba ili nisiaibike mbele ya watu ambao hawakuwa wakinicheka. Nimejiona mdogo sana, dada.

Juzi nililibeba lile koti nikaenda kwake. Njia nzima nilitamani anitukane matusi yote ya Kigogo na Kihehe. Alinipa kiti. Aliniita Bwana Erick. Akaniuliza habari za ofisini. Nilipoomba msamaha nikilia, alisema yamepita, na koti nikalitunze. Tangu nizaliwe mzee yule hajawahi kuniita kwa jina, mimi ni mtumwa wake tu, na juzi hakunitania hata neno moja.

Arobaini ni Jumamosi ya wiki ijayo. Daktari akikuruhusu, njoo. Lakini kwanza mpigie mzee Thobias, umwambie mwongo ni mimi. Wewe huenda bado akakutania. Koti nimelipiga pasi, liko kwenye msumari wake nyuma ya mlango. Akikubali kulivaa na kukinga sufuria, nitakuwa wa kwanza kutia, na wageni wote waone.

Msalimie shemeji, na mpwa wangu mchanga mpakate kwa niaba yangu. Shangazi na mama Batuli wanakusalimu.

Ni mimi mdogo wako, niliyegeuka Bwana,
Erick