TV Isizimwe, Vifaranga Watapata Baridi

Najma na Badru,

Msizime TV. Hata mkitoka, iacheni ikiwaka.

Mama yenu alipoondoka asubuhi kwenda kwa dada yake Vingunguti, nilifungua ile bodi ya pawasaplai ya TV, inayoigawia umeme. ~~Nimeitengeneza.~~ Imepona kidogo. Nilibadilisha kapasita iliyovimba, lakini kila nikiwasha, fyuzi inakatika. Sasa fundi anayejielewa hapeleki umeme kwenye bodi moja kwa moja, anaupitisha kwanza kwenye balbu, zile za kizamani zinazotoa joto. Humu ndani tunayo moja tu, ya vifaranga wa mama yenu.

Nilipoifunga, TV ikawaka! Nikiitoa, inazima. Ndiyo maana vifaranga wako sebuleni, kwenye boksi chini ya TV, pamoja na balbu yao. Wakilia na kurundikana, ongezeni mwanga wa kioo cha TV, itavuta umeme zaidi na balbu itapata moto. Wakiachama midomo, punguzeni. Badru, kuongeza sauti hakusaidii, nimeshajaribu.

Na msinicheke. Pasi niliitengeneza mie, na hadi leo inanyoosha, ingawa redio hukoroma pasi ikichomekwa.

Naenda Kariakoo kutafuta fyuzi. Mama yenu aliapa mlangoni kwamba nikigusa vifaranga wake nitalala bandani. Akirudi kabla yangu, mwambieni banda liko wazi na nimeshalifagia. Nitandikieni mkeka, mniwekee na tochi, maana taa ya huko ndiyo hiyo mnayoangalizia TV.

Baba yenu